Maladi ya Moi

Kama hujawahi kukaa Kinshasa, rafiki yangu, ngoja kwanza nikupe neno moja, maana bila hilo habari yote itakupita. Kwa Lingala, jua huitwa moi. Jua hili hili linalokausha nguo na mihogo. Hakuna siri nyingine ndani yake.

Mimi nililijua nikiwa mke wa mtu. Nilikuwa nimetoka Kamina kumfuata mume wangu, na Lingala yangu ilikuwa ile ya kufuatisha nyimbo za redio bila kujua ninasema nini. Siku moja nimekaa mlangoni nachambua sombe, majani ya mihogo, jirani wa ng'ambo akamkemea binti yake kwa sababu mtoto mchanga alikuwa ameachwa peke yake kwenye mkeka, kivuli kimemhama. "Longola mwana na moi," akasema. Binti akamwinua mtoto akampeleka ukutani penye kivuli. Nikamwuliza yule mama, longola ni nini? Akasema, ni kutoa. Na moi? Akanicheka, akanionyesha juu kwa kidole.

Kile kidole ndicho kilichonimaliza. Nilikuwa nimekwisha kukiona, na maneno yale nilikuwa nimekwisha kuyasikia, miaka mingi nyuma, uani kwetu, juu ya kichwa cha nyanya yangu. Sombe ile haikupikwa siku hiyo. Mume wangu alirudi akala mkate, akaniuliza nani amekufa, nikamwambia ni kambo, akashangaa, maana kambo alikuwa amekufa zamani kabla hatujaoana.

Kambo ndivyo tunavyowaita bibi kwetu. Huyu alikuwa mama wa mama yangu, na aliishi nasi katika nyumba ya wafanyakazi upande wa reli, karibu kiasi kwamba treni ya Luena ikipita, vikombe vilicheza mezani. Baba alikuwa fundi katika karakana ya treni. Nyuma ya nyumba, ukivuka kijia, kulikuwa na jiwe pana lililolala chini kama sakafu, na jiwe hilo lilikuwa la kambo. Hakuna aliyempa. Alilifagia kila asubuhi mpaka watu wakazoea kwamba ni lake.

Kazi yake ilikuwa unga. Mihogo ililowekwa bwawani mpaka ikalainika na kutoa ile harufu ambayo mgeni anaziba pua, na mimi hadi leo nikiisikia natokwa na mate. Kisha alimenya, akavunja vipande, akavipanga juu ya jiwe. Kiangazi cha Kamina asubuhi ni baridi ya kugonganisha meno, lakini ikifika saa nne jua linashuka lote, na kambo alikuwa hapo, ameinama, anageuza kipande kimoja kimoja, anafukuza mbuzi wa watu kwa matusi ya Kiluba ambayo mama alitukataza kuyarudia. Alikuwa na tabia moja. Kitambaa chake cha kichwa alikivua, akakitandika mwisho wa jiwe kukusanya yale makombo madogo meupe yanayopeperuka. "Hii njo utamu wa bukari," alisema, "haiendake na upepo." Kwa hiyo kichwa chake kilikuwa wazi mchana kutwa, tangu ujana wake, kabla hata mama hajazaliwa.

Na unga wake ulikuwa unga kweli. Wake za askari walitoka kambini, kule base, wakiwa juu ya lori, kuja kuununua. Walikuwa watu wa kila upande wa Zaire, kila mmoja na lugha yake, na wote walikubaliana juu ya unga wa kambo. Jioni sisi tulikula ule uliobaki: bukari, ugali wetu, moja kubwa katikati, samaki mkavu katika mafuta mekundu, na mikono yetu yote pamoja, wa kambo, wa mama, wangu, wa wadogo zangu. Kambo alinifinyangia tonge la kwanza kila siku, hata nilipokuwa nimekwisha kuwa mkubwa wa kujifinyangia, na mama alikuwa anasema ananiharibu.

Vipele vilianza mgongoni mwa mikono yake. Vilikuwa vidogo, vigumu, vya rangi ya manjano iliyofifia, kama ulezi uliomwagika ukanata. Havikuuma wala havikuwasha. Baadaye vikapanda shingoni, nyuma ya masikio, mashavuni. Mimi nilivipenda, nikuambie ukweli. Wakati wa kusubiri chakula nilikaa karibu na mbabula yenye makaa, nikaushika mkono wake nikavisugua kwa kidole gumba, naye ananiacha, anaongea na mama juu ya bei ya chumvi. Ukigeuza mkono ule, upande wa kiganja na ndani ya mkono wote, ngozi ilikuwa laini, haina kitu. Hata mtoto aliliona hilo. Ningekuwa na akili ya leo ningeuliza kwa nini.

Watu kwanza walifikiri ukoma. Mama akampeleka misheni, muuguzi akampapasa kwa unyoya, akamchoma kidogo kwa sindano, kambo akahisi vyote na akamtukana kwa ile sindano. Si ukoma, akasema muuguzi, lakini ni nini, hajui. Basi kukawa na utulivu kidogo. Lakini mtaa hauwezi kukaa na kitu kisicho na jina. Ukipita mbele yao wanakuamkia vizuri, ukishapita wanatafuta jina.

Sasa nikuletee jirani yetu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mkuu wa chama wa avenyu yetu. Wewe uliyekua wakati wa Zaire unamjua mtu wa aina hii, kila avenyu ilikuwa na wake. Abakosi, lile koti la chama, imefungwa mpaka shingoni hata kwenye joto, beji kifuani. Jumamosi yeye ndiye aliyetupigia kelele tutoke kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kukata majani barabarani, na yeye mwenyewe hajashika panga. Ndiye aliyepeleka majina juu. Fundi mmoja wa karakana ya baba alicheka siku ya kuimba na kucheza mbele ya bendera, alicheka tu kwa sababu suruali ya mwenzake ilipasuka. Juma lililofuata hakuwa na kazi, na familia yake ikatolewa katika nyumba. Nilicheza na watoto wake. Nakumbuka kitanda chao kikiwa nje barabarani.

Huyu mkuu wetu alijigamba kwa Lingala. Alikuwa amekaa Kinshasa, alisema, amekula na wakubwa. Akiwaona askari aliwasalimu kwa sauti kubwa, "Mbote, mbote," akawapigia hadithi, na wao wakimjibu kwa haraka alicheka akiwa amechelewa, baada ya wengine wote. Wanawake walikuwa wakimwigiza kisimani mpaka ndoo zinamwagika. Mbele yake walimwita Situayen, yaani Mwananchi, kwa heshima zote.

Mke mmoja wa askari, aliyempenda sana kambo, ndiye aliyemleta daktari wa kambini. Hakuja naye, alimwomba tu apite kwetu akiwa na kazi mjini. Daktari akafika mchana na gari la jeshi, mtu mrefu kutoka upande wa Ekwateri, anajua Lingala na Kifaransa tu, hajui Swahili wala Kiluba. Baba alikuwa kazini, mwalimu aliyejua Kifaransa alikuwa shuleni. Gari la jeshi likisimama mbele ya nyumba, avenyu yote inatoka, na mkuu wa chama alikuwa wa kwanza, anafunga kifungo cha juu. "Minyi nitabadilisha maneno," akasema, yaani yeye atatafsiri. Nani angemkatalia?

Daktari alimkuta kambo palepale juu ya jiwe. Akamshika mkono kwa upole, hakuvaa kitu mkononi, akaugeuza juu, akaugeuza chini, akaangalia shingo, akatazama ndani ya mkono penye ngozi safi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na kitu anachokijua na hakioni mara nyingi. Akamtazama mama, akasema polepole ili asikike: "Oyo eza maladi ya moi." Akaonyesha juu kwa kidole. Kisha akasema, "Bolongola ye na moi." Akarudia, akamwokotea kambo kitambaa chake kutoka kwenye makombo, akakikung'uta, akamwekea mwenyewe kichwani. Watu wote wakamgeukia mkalimani.

Mkuu wa chama akakohoa. Akasema hivi, na sauti yake ninaisikia sasa: "Muganga anasema, iyi iko maladi ya moyo. Mungu kule juu anayiona. Anasema, uyu mama mumutoshe mu moyo."

Maladi ya moyo. Maladi ni ugonjwa, na kwetu mtu akiwa na maladi ya moyo namna hiyo, hakuna anayefikiria mapigo. Moyo mbaya. Kijicho, bulozi, yaani uchawi. Na kumtosha mtu mu moyo ni kumtoa moyoni, kumkata, asiwe wako tena. Mwanamke anakaushia mihogo watu wote wa mtaa kwa miaka yote hiyo, jua linamla mikono na uso mbele ya macho yao, na siku mganga anapokuja kusema ni jua, yanatoka maneno kwamba ni roho yake imechafuka mpaka inatokea kwenye ngozi. Daktari akampa mama mkono, akapanda gari, akaenda. Aliamini amesaidia. Yeye naye simsamehei sana, maana mtu anayefanya kazi kwa watu angejifunza hata neno jua kwa lugha yao. Alikuwa amekaa Kamina miaka.

Mkuu wa chama hakusema kambo ni mlozi. Hakuhitaji. Wengine walimalizia. Kila kipele kikapata jina la mtu aliyekufa mtaani: hiki ni mtoto wa fulani aliyekufa na surua, hiki ni yule mzee aliyegongwa na behewa. Jumatano iliyofuata wanawake wa mtaa hawakuja kuchukua unga, na Jumamosi hawakuja. Wake za askari waliendelea, kisha mtu akawasimulia, wakaacha nao. Unga ukajaa nyumbani mpaka ukaingia wadudu, na kambo akawa bado anakwenda kwenye jiwe kugeuza mihogo ambayo hakuna atakayeila.

Halafu bakuli. Shangazi yangu, dada ya baba, alikuja kututembelea, na tulipokaa kula akavuta mkono nyuma.  Siku ya pili mama akampakulia kambo katika bakuli lake peke yake, lile la bati lenye ukingo wa buluu, akamwekea kwenye kigoda karibu na mlango. Kambo alilitazama bakuli. Akatutazama sisi kwenye mkeka. Akala. Mimi nikasubiri tonge langu, sikuletewa, nikaanza kulia, na baba akanifukuza nje. Bakuli hilo liliniuma kuliko maneno yote ya mtaani, na linaniuma sasa ninapolitaja.

Mwishowe mjomba, mtoto wa kiume wa kambo, akaja kutoka Kabondo-Dianda. Wakubwa walikaa ndani na mlango umefungwa. Ikaamuliwa aende naye kijijini, alime, mtaa upoe. Unaelewa walichokifanya? Mganga amesema mtoeni juani, na wao wakampeleka mahali ambapo hakuna kazi nyingine isipokuwa jembe, kwenye shamba la karanga lisilo na mti hata mmoja, kwa barabara mbovu ambayo mtu hairudii kwa kusalimia tu. Walimtoa kwenye moyo wakamtia kwenye moi, wote kwa pamoja, na waliona wamefanya kwa akili.

Lori la mjomba lilijaa magunia. Kambo alipandishwa juu, akakaa amefunga kichwa vizuri, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Hiyo haikuwa desturi yake. Mama hakutoka nje. Mkuu wa chama alisimama mlangoni kwake, mikono nyuma, kama mtu anayesimamia salongo. Mimi nilikuwa barabarani, mchana, kichwa wazi, nashika ubao wa lori. Kambo akainama, akaniwekea kiganja juu ya kichwa, kile kiganja laini, akasema kitu ambacho nilikisikia hivi: "Mutoto yangu, usikae mu moyo."

Miaka yote nilifikiri ananiambia nisiweke kinyongo, nisikae na huzuni moyoni. Nililishika kama wosia. Shuleni wakinitania kwamba mimi ni mjukuu wa mlozi, nilijiambia, kambo alisema usikae mu moyo, nikawaacha. Habari ya kifo chake ilikuja na mtu wa treni, baada ya mvua mbili. Alisema vipele vilikuwa vimeufunika uso wote na jicho moja lilikuwa limefungwa. Alisema alikutwa shambani.

Basi, baada ya ile siku ya Kinshasa nilikaa na hasira yangu mpaka nilipopata njia ya kurudi Kamina. Nilipanga maneno yote njiani. Ningemwambia mama polepole, maana nilifikiri habari ile itamuua: kwamba yule mjinga alikosea neno, kwamba hakuna aliyejua. Nilimkuta mama anatwanga, amezeeka, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nikamketisha. Nikamweleza moi na moyo, kidole cha daktari, kitambaa. Aliniacha nimalize.

"Mwana," akasema, "weye unafikiri atukuyua?"

Ndivyo nilivyofikiri, kwamba hawakujua.

"Moi? Mu redio banaimba moi, moi, asubui na magaribi. Bamama ba askari banatuambia kila siku, moi iko kali. Kila muntu mu avenyu aliyua moi iko nini. Ule Situayen peke yake njo hakuyua."

"Na mulinyamaza."

"Nani atamuambia, mbele ya bantu, mbele ya muganga, asema weye hauyue Lingala? Ule wa suruali alicheka tu. Uliona kitanda yabo inje." Akashika mchi wake tena, hakuutumia. "Nilitaka kusema. Kambo yako alinifinya mukono. Usiku akaniambia, ukifungula kinywa, bwana yako atapoteza kazi, na aba batoto utabalalisha wapi? Minyi niko muzee, minyi nitaenda."

Nikamwuliza, kambo naye alijua? Mama akanitazama kana kwamba nimeuliza kama kambo alijua njia ya kisimani. "Alikuwa anauzisha unga na base tangu weye haujazaliwa. Lingala ya soko yote alikuwa nayo."

Hasira niliyokuja nayo ilikuwa ya mtu mmoja mjinga. Ile niliyoondoka nayo ni ya avenyu nzima, na sijui niiweke wapi. Mtaa mzima ulijua ni jua. Walimjua kuwa hana hatia huku wakimpa majina ya maiti wao, kwa sababu jina lilikuwa limekwisha kutoka kwenye kinywa cha mkubwa, na ni rahisi kumpoteza mama mmoja wa unga kuliko kumwambia mkubwa umekosea. Wengine baadaye waliamini kweli, nadhani. Ukirudia jambo kisimani kila siku unaishia kuliamini. Mama yangu simhukumu, wala sijaweza kumwambia kwamba simhukumu.

Nilikwenda nyuma kuliangalia jiwe. Halipo. Wamelipasua kwa moto na nyundo, wakajengea msingi wa nyumba. Treni inapita mara chache sasa, na vikombe vinakaa kimya mezani. Zaire yenyewe imeondoka, na bendera yake, na abakosi; yule mkuu alikufa kitandani kwake, akazikwa kwa nyimbo, na wapo wanaomkumbuka kama mtu aliyejua lugha nyingi. Bakuli la bati mama alikuwa bado nalo. Nilimwomba, akanipa bila kuuliza.

Nilisimama pale lilipokuwa jiwe, mchana, mpaka kichwa kikaanza kuniuma, ndipo nikamsikia kambo vizuri kwa mara ya kwanza. Kiganja chake kilikuwa juu ya kichwa changu kwa sababu kichwa kilikuwa wazi. Hakuwa akinipa wosia wowote wa kusamehe watu. Alikuwa nyanya anayemwona mjukuu wake amesimama barabarani saa sita, na kwa kuwa mkuu alikuwa mlangoni anasikiliza, alilisema neno lile lile la daktari, sawasawa, mbele yake yeye asiyelijua: mutoto yangu, usikae mu moi.

Nikavua kitenge nilichofunga kiunoni, nikajifunika kichwa.